Saratani na umri mkubwa ukiwa na VVU: tenga siku moja ya mwili kila mwaka

Ukienda CCC, kliniki ya VVU, wiki hii kuchukua dawa, huenda ukatoka bila mtu yeyote kukugusa. Vairo lodi yako ni LDL (virusi vichache mno kuonekana kwenye kipimo), hukohoi, kilo hazijashuka, basi unapewa dawa za miezi mitatu au sita, unatia sahihi, na kabla ya saa nne uko stejini ukingoja matatu ya Turbo. Mpango huu umewapunguzia watu foleni na nauli, nami nauunga mkono. Ila una pengo moja: kadiri unavyoonekana mzima kwenye karatasi, ndivyo wanaoutazama mwili wako wanavyopungua. Na saratani haionekani kwenye karatasi ya vairo lodi.

Mwongozo huu unakuomba uzibe pengo hilo mwenyewe. Chagua siku moja kila mwaka ambayo hutaenda kliniki kwa ajili ya dawa tu. Utaenda ukaguliwe mwili, kuanzia mdomoni hadi unyayoni.

Ni wako ikiwa unaishi na VVU, umefika miaka 50 au unaikaribia, na unatibiwa Eldoret au viungani mwake: Langas, Huruma, Burnt Forest, Ziwa, Moiben, Mosoriot. Ni wa mwenzi wako au mtoto wako mkubwa pia, yule anayekushika mkono kupanda ngazi za hospitali.

KWA NINI WEWE HASA

Mpango wa matibabu ya VVU wa AMPATH ulianza mwaka 2001 katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, ile tunayoiita Referral, kwa ushirikiano wa hospitali hiyo, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Wakati huo dawa zilikuwa haba, na kanuni ilikuwa uanzishiwe kiwango cha CD4, chembe za kinga, kikishuka chini ya 200 au ukiwa umeugua sana. Shirika la Afya Duniani lilipandisha kiwango hicho hadi 350, kisha 500 mwaka 2013, na mwaka 2015 likasema kila mwenye VVU aanze dawa mara moja. Kenya ilifuata mwaka 2016.

Maana yake kwako ni hii. Ikiwa ulianza dawa mwaka 2004, yamkini mwili wako ulikaa miaka kadhaa na kinga ya chini sana kabla ya kupata msaada. Kijana aliyepimwa mwaka jana na kuanza dawa siku hiyohiyo hakupitia hali hiyo. Katika miaka ile, virusi vingine vilipata nafasi ya kujikita, na hivyo ndivyo vinavyoleta saratani nyingi zinazowapata watu wenye VVU:

- HPV, inayopatikana kwa kujamiiana, huleta saratani ya mlango wa kizazi, ya njia ya haja kubwa, ya uume na baadhi ya zile za koo.
- Virusi vya HHV-8 huleta saratani ya Kaposi.
- Virusi vya Epstein-Barr, ambavyo karibu sote tunavyo tangu utotoni, huchangia limfoma, yaani saratani ya mitoki.
- Homa ya ini ya aina ya B na ya C huleta saratani ya ini.

Juu ya hayo kuna umri wenyewe. Mtu wa miaka 60 ana hatari kubwa ya saratani kuliko wa miaka 30, awe na VVU au asiwe nayo. Wewe una vyote viwili.

Dawa zinasaidia, tena sana. Jaribio kubwa la kimataifa liitwalo START, lililotoa matokeo yake mwaka 2015, lilionyesha kwamba walioanza ARV, yaani dawa za VVU, mapema walipata Kaposi na limfoma kwa uchache zaidi kuliko waliocheleweshwa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kujikinga na saratani ni ileile unayoifanya kila jioni ukimeza kidonge chako. Lakini LDL hupunguza hatari bila kuifuta, na kwa saratani ya mlango wa kizazi haipunguzi kiasi cha kukufanya uache kupimwa.

JUA MAMBO MAWILI KUHUSU FAILI LAKO

1. CD4 yako ya chini kabisa ilikuwa ngapi?
2. Ulianza dawa mwaka gani?

Mwombe anayekuhudumia akusomee kutoka kwenye faili au kompyuta, uyaandike nyuma ya kadi yako. Ikiwa CD4 iliwahi kushuka chini ya 200, mwongozo huu unakuhusu mara mbili.

DALILI ZA KUTAFUTA

Kaposi. Hii ndiyo iliyowatisha watu miaka ya tisini na elfu mbili, na wengi wanadhani ilikwisha. Bado ipo, hata kwa watu walio LDL. Vitabu vya kigeni husema madoa yake ni mekundu au zambarau. Kwenye ngozi yetu mara nyingi huwa meusi au kahawia iliyoiva, kama alama ya kujigonga isiyopona. Hayaumi wala hayawashi, ndiyo maana hupuuzwa. Tafuta kwenye nyayo, miguu, pua na kope, na juu ya yote kwenye kaakaa, ile paa ya mdomo. Mguu mmoja ukivimba na kuwa mgumu, hata bila doa, nenda uonekane.

Limfoma. Mitoki ya shingoni, kwapani au kwenye kinena inayokua na haiumi. Homa isiyo na malaria. Kilo kushuka. Na jasho la usiku: Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai watu hulala na blanketi mbili. Ukiamka saa nane fulana imelowa hadi unaibadilisha, na hali hiyo ikajirudia, mwili wako unakuambia jambo.

Mlango wa kizazi. Damu baada ya kujamiiana, damu baada ya hedhi kukoma, maji yenye harufu, maumivu ya kiuno yasiyoisha. Ukweli mgumu ni kwamba dalili hizi huja kwa kuchelewa. Kipimo ndicho huwahi, na tutarudi kwacho.

Jicho. Hili halizungumzwi vya kutosha. Saratani ya utando mweupe wa jicho ni nadra Ulaya lakini si nadra Afrika Mashariki, na VVU na jua kali ndivyo visababishi vyake vikuu. Huanza kama kijinyama au kidoa cheupe au cha waridi kando ya sehemu nyeusi ya jicho. Watu huita mtoto wa jicho au vumbi la shamba. Kikikua ndani ya wiki au miezi michache, usinunue matone dukani. Nenda kitengo cha macho. Kikikatwa, uliza: "Daktari, kipande hiki kinapelekwa maabara?" Kisitupwe. Na ukiwa shambani, vaa kofia yenye ukingo mpana.

Njia ya haja kubwa. Damu, maumivu, uvimbe. Tatizo ni kwamba kila mtu, pamoja na baadhi ya wahudumu, husema ni bawasiri. Ukitibiwa bawasiri mwezi mzima bila nafuu, omba uchunguzwe kwa kidole na kwa kuangaliwa. Aibu ya dakika mbili inavumilika.

Ini. Uzito au maumivu chini ya mbavu za kulia, tumbo kujaa, macho kuwa ya manjano.

Koo la chakula. Hii haiji kwa sababu ya VVU, lakini Bonde la Ufa ni mojawapo ya maeneo yanayojulikana ulimwenguni kwa saratani ya umio, kwa hiyo siwezi kuipita. Ikiwa ugali unakwama na unalazimika kuusukuma kwa maji, kisha unahamia uji, usisubiri ufike hatua ya kushindwa kumeza chai.

Matiti na tezi dume ni mambo ya umri zaidi kuliko VVU. Yaingize kwenye mazungumzo ya siku ya mwili, nawe utaambiwa kipimo kinachokufaa.

Neno moja kuhusu kilo. Wengi waliohamia TLD, dawa yenye dolutegravir inayotumika Kenya tangu 2018, wameongezeka uzito. Kwa hiyo mtu wa TLD anayekonda bila kutaka asiambiwe ni uzee. Pima kilo zako kila mwezi, hata kama ni kwa mizani ya duka la dawa, na uandike tarehe.

KUJIKAGUA NYUMBANI, MARA MOJA KWA MWEZI

Chagua asubuhi yenye mwanga, kabla ya kuoga. Unahitaji kioo cha mkononi na tochi ya simu.

1. Kaa karibu na dirisha, vua viatu na soksi. Tazama nyayo na katikati ya vidole. Huku ndiko hakuna anayetazama.
2. Panda na miguu hadi kwenye mapaja. Linganisha mguu wa kulia na wa kushoto kwa unene.
3. Kwa ncha za vidole vitatu, papasa kinena, kisha kwapa, kisha shingo kutoka nyuma ya sikio hadi juu ya mfupa wa bega. Zungusha vidole polepole, usifinye. Kitoki kidogo chenye kuteleza ambacho kimekuwapo miaka mingi si cha kukutisha. Kipya, kigumu au kinachokua ndicho cha kuripoti.
4. Fungua mdomo mbele ya kioo, inua kidevu, mulika kaakaa kwa tochi. Inua ulimi, tazama chini yake na pande zake. Kama una meno ya bandia, yatoe kwanza.
5. Vuta kope la chini, kisha la juu, tazama weupe wa jicho ukigeuza macho pande zote.
6. Mgongo na matako huwezi kuyaona vizuri. Mwombe mwenzi wako au mtu unayemwamini.
7. Andika tarehe na ulichoona. Ukiona doa, lipige picha na sarafu ya shilingi kumi kando yake, ili mwezi ujao ujue kama limekua.

Kanuni ya kukumbuka: kitu kipya ambacho hakijaondoka baada ya wiki mbili hadi tatu kinapelekwa kliniki, hata kama siku yako ya dawa iko mbali. Tarehe ya kadi ni ya dawa. Haikuzuii kwenda kabla yake.

SIKU YA MWILI: JINSI YA KUIPATA

Kabla ya siku

1. Piga simu kliniki, au mwambie muuguzi unapochukua dawa: "Sista, safari ijayo naomba nionwe na daktari anikague mwili mzima kwa ajili ya saratani. Naomba iandikwe kwenye kadi." Ikiandikwa, una haki ya kuikumbusha.
2. Uliza kama faili lako lingali mahali palepale. Baada ya Marekani kusitisha misaada yake mapema mwaka 2025, kliniki nyingi za VVU nchini zilianza kuunganishwa na vitengo vya kawaida vya wagonjwa wa nje. Anayekuhudumia sasa huenda hajui historia yako ya miaka ishirini. Beba nakala zako.
3. Andaa karatasi moja: dawa zote unazomeza (za presha, za sukari, za kienyeji pia), CD4 ya chini kabisa, mwaka ulioanza, magonjwa uliyowahi kupata, na nani katika familia alipata saratani.
4. Andika maswali matatu usiyotaka kuyasahau. Ukifika mbele ya daktari, la tatu ndilo hutoroka.

Siku yenyewe

Vaa nguo rahisi kuvua. Ukiingia, sema hitaji lako kabla ya kuulizwa kuhusu vidonge, maana mazungumzo ya vidonge huishia kwenye sahihi. Kisha hakikisha haya yamefanyika:

☐ Umepimwa uzito ukalinganishwa na wa mwaka jana.
☐ Mdomo umemulikwa.
☐ Shingo, kwapa na kinena vimepapaswa.
☐ Ngozi imetazamwa, nyayo zikiwemo.
☐ Macho yametazamwa.
☐ Tumbo limepapaswa kwa ajili ya ini na wengu.
☐ Matiti yamekaguliwa, kwa mwanamke.
☐ Tezi dume imezungumziwa, kwa mwanamume.
☐ Mlango wa kizazi umepimwa, au tarehe imewekwa.
☐ Umeulizwa kuhusu njia ya haja kubwa. Usipoulizwa, uliza wewe.
☐ Unajua kama una homa ya ini ya B. Ikiwa huna, umeulizia chanjo.

Ukiambiwa, "Wewe uko sawa, LDL yako ni nzuri," jibu kwa adabu na usiondoke: "Nashukuru daktari, nafurahi. Naomba tu nikaguliwe kwa sababu umri umesonga." Sijui mhudumu mwema atakayekataa ombi lililosemwa hivyo.

Kabla ya kutoka

Uliza: matokeo yatatoka lini, nani atanipigia, na nisipopigiwa niende dirisha gani? Andika nambari ya maabara. Matokeo mengi hupotea kwa kuwa hakuna aliyeyafuata, na faili lako haliwezi kukupigia simu.

MLANGO WA KIZAZI: HAPA TUKAE KIDOGO

Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke mwenye VVU ana hatari mara sita zaidi ya saratani hii kuliko asiye nayo. Nchini Kenya ndiyo saratani inayoua wanawake wengi kuliko nyingine yoyote. Wakati huohuo ni saratani inayotanguliwa na miaka ya mabadiliko madogo yanayoweza kuondolewa kwa dakika chache bila kulazwa. Kumpoteza mama kwa ugonjwa huu huku anakwenda kliniki kila baada ya miezi michache ni jambo linaloniuma, kwa sababu alikuwa mlangoni pa msaada muda wote.

Kipimo kinafanywaje?

Kuna njia mbili utakazokutana nazo zaidi. Ya kwanza ni ya siki. Unalala chali, kifaa kinafungua njia, muuguzi anapaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi na kungoja dakika moja hivi. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe na huonekana kwa macho. Inawasha kidogo tu. Jibu unapata papo hapo.

Ya pili ni kipimo cha HPV, ambacho huchukua ute na kutafuta virusi vyenyewe. Ndicho kinachopendekezwa zaidi siku hizi. Vituo vingine hukuruhusu kuchukua ute wewe mwenyewe, nyuma ya pazia, kwa kijiti laini cha pamba. Ikiwa ni mikono ya mtu mwingine iliyokuwa ikikuzuia, uliza kuhusu njia hii.

Mara ngapi? Kwa wanawake wenye VVU, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuanza wakiwa na miaka 25, na kurudia kila baada ya miaka 3 hadi 5 kwa kipimo cha HPV, au kila miaka 3 kwa siki. Kliniki yako inaweza kukuita mapema zaidi ya hapo. Fuata tarehe yake. Kwa siki, umri una neno lake: baada ya hedhi kukoma, sehemu inayotakiwa kuonekana hurudi ndani, na jicho la muuguzi huenda lisiifikie. Mwenye miaka 55 aulize moja kwa moja: "Sehemu yote imeonekana?" Jibu likiwa hapana, omba kipimo cha HPV au rufaa.

Uache lini? Ukipita miaka 50, usiache hadi uwe na matokeo mawili mazuri yaliyofuatana kwa nafasi inayotakiwa. Kama hujawahi kupimwa na una miaka 58, anza sasa.

Makosa ninayoyasikia sana

- "Mume wangu alikufa miaka kumi iliyopita, simjui mwanamume tena." HPV uliyoipata ukiwa na miaka 25 inaweza kukaa hadi leo.
- "Sioni damu." Mabadiliko ya mwanzo hayatoi damu.
- "Nilipimwa nilipojifungua kitinda mimba." Ikiwa kitinda mimba ana simu yake mwenyewe, rudi.
- "Nimeshatibiwa, nimemaliza." Ukitibiwa kwa joto, kwa baridi au kwa kukatwa kipande kwa waya wa umeme, rudi upimwe baada ya miezi 12. Mabadiliko hurudi zaidi kwa wenye VVU.

Baada ya tiba ya joto au baridi, utatokwa na maji kwa wiki kadhaa. Ni kawaida. Usijamiiane kwa wiki nne hivi, na uongee na mwenzi wako kabla ya siku hiyo ili isiwe ugomvi. Ukipata homa, damu nyingi au maumivu makali, rudi hospitali mara moja.

Kuhusu wasichana wa nyumbani: chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchini Kenya mwezi Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Mjukuu wako anayestahili apelekwe. Kama ana VVU, mwulize daktari wake idadi ya dozi, kwa sababu yeye huhitaji zaidi ya moja.

KIFUA KIKUU AU SARATANI?

Mahali wagonjwa wa limfoma wanapochelewa zaidi ni hapa. Kifua kikuu na limfoma zote huleta mitoki, homa, jasho na kukonda. Kifua kikuu ndicho cha kawaida zaidi, kwa hiyo daktari huanza na dawa zake, wakati mwingine bila uthibitisho wa maabara. Kuanza hivyo si kosa. Kosa ni kuendelea mwezi baada ya mwezi huku uvimbe unakua.

Fanya hivi:

1. Ukianzishiwa dawa za kifua kikuu, uliza: "Kimethibitishwa kwa makohozi au kwa kipande, au tunajaribu?"
2. Pima kitoki kwa kidole siku ya kwanza, andika ukubwa wake.
3. Baada ya wiki nne hadi nane, ikiwa kitoki kimekua, kilo zimezidi kushuka au homa haijaacha, rudi uombe bayopsi, yaani kipande cha nyama kupelekwa maabara.
4. Ukifanyiwa ya sindano nyembamba na jibu likawa "hakuna kitu", huku kitoki bado kinakua, usiridhike. Sindano hutoa seli chache, na limfoma mara nyingi huhitaji kitoki kizima au kipande kikubwa zaidi ili itambuliwe.

Kukohoa kwa muda mrefu ni vivyo hivyo. Makohozi yakiwa hayana kifua kikuu na kikohozi hakiishi, omba eksirei, hasa kama umewahi kuvuta sigara.

ONYO: Usinunue prednisolone duka la dawa kwa ajili ya uvimbe, mguu au mzio. Dawa hii inaweza kuichochea Kaposi, na inaweza kuificha limfoma kwa muda kiasi kwamba bayopsi isiione vizuri. Itumie kwa maagizo ya daktari anayejua una VVU.

UKIAMBIWA NI SARATANI

Kaa chini kwanza. Uliza jina kamili la saratani, hatua yake, na kama jibu limetoka kwenye bayopsi. Usikubali kemo kwa ugonjwa ambao haujathibitishwa maabara ilhali inawezekana kuuthibitisha. Utaelekezwa yamkini kwenye kituo cha saratani cha Chandaria, ndani ya Referral.

Jambo linaloharibu matibabu zaidi ni siri. Mtu anatibiwa VVU Huruma, saratani anatibiwa Referral, na hataki wa huku wajue ya kule. Naielewa hofu hiyo. Wengi wetu tumeona majirani wakigeuka. Lakini dawa zako zitakutana mwilini hata kama mafaili hayajakutana.

- Dawa za VVU zenye ritonavir (kwa mfano atazanavir, lopinavir au darunavir zinapotolewa pamoja nayo) zinaweza kupandisha mno kiwango cha baadhi ya dawa za kemo kama vincristine. Matokeo yake ni ganzi kali ya miguu na mikono, na mabaya zaidi.
- Zidovudine hushusha damu, na kemo hushusha damu. Zikiwa pamoja ni hatari.
- Dolutegravir hupatana vizuri na kemo nyingi, ndiyo maana wengi hubakishwa au huhamishiwa humo. Usiimeze pamoja na vidonge vya asidi ya tumbo, vya kalsiamu au vya madini ya chuma bila kupewa mpangilio wa saa.

Kwa hiyo beba makopo yenyewe ya dawa, uyaweke mezani na useme: "Daktari, hizi ndizo dawa zangu za CCC. Naomba mhakikishe hazigombani na kemo." Ukirudi CCC, fanya vivyo hivyo na karatasi ya kemo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu VVU na UKIMWI inalinda siri yako mbele ya wahudumu wa afya.

Usiache ARV wakati wa kemo. Jaribio lililofanywa katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2020, lilipima kemo tatu kwa wagonjwa wa Kaposi iliyokwisha kuenea, zote zikienda sambamba na ARV. Waliopewa paclitaxel ndio waliofanya vizuri zaidi. Kama unatapika vidonge, sema siku hiyohiyo upewe dawa ya kutuliza.

Miti shamba: sitakugombeza. Ila itaje. Baadhi huliumiza ini lilelile linalochuja kemo na ARV, na dawa za kubandika juu ya madoa ya Kaposi huacha vidonda vinavyooza.

Kuhusu pesa, jisajili SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) kabla hujaugua, kwa kupiga *147# au kwa msaada wa mhudumu wa afya ya jamii mtaani. Wasio na mwajiri hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kabla ya kila mzunguko wa kemo, pita dawati la SHA uulize salio lako la mwaka na kipi hakilipiwi. Mwombe mwanafamilia mmoja awe mtunza karatasi: rufaa, jibu la bayopsi, risiti. Mgonjwa asibebeshwe kazi hiyo.

UNACHOWEZA KUPUNGUZA MWENYEWE

Sigara iwe ya kwanza. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba, kwa watu wenye VVU wanaotibiwa vizuri, uvutaji ulipunguza maisha kwa miaka 12 hivi, zaidi ya mara mbili ya miaka ambayo VVU yenyewe ilipunguza. Ikiwa unaweza kumeza kidonge kila siku kwa miaka ishirini, nidhamu ya kuacha unayo. Omba msaada CCC, usijaribu kimyakimya.

Pombe, na hasa chang'aa, huumiza ini na huchangia saratani ya umio.

Mahindi. Kwa mkulima wa Uasin Gishu hili ni la nyumbani. Kuvu wa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu hutoa sumukuvu ya aflatoksini, na sumukuvu hiyo ikikutana na homa ya ini ya B hatari ya saratani ya ini huzidi sana. Kausha hadi unyevu wa asilimia 13.5 au chini yake, weka magunia juu ya mbao, na usipeleke posho mill mahindi yaliyobadilika rangi. Kuyaosha hakuondoi sumu. Usiwape kuku pia.

Homa ya ini ya B. Tenofovir na lamivudine zilizo ndani ya TLD huitibu pia. Hivyo ikiwa unayo, kuacha dawa ghafla kunaweza kuliamsha ini kwa nguvu. Ukibadilishiwa dawa wakati wowote, uliza: "Hepataitisi B yangu bado inatibiwa?"

Chai. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vinachangia saratani ya umio. Mimina, subiri dakika chache, ndipo unywe. Kuhusu mursik, maziwa yetu yaliyochachushwa, watafiti wamepima kemikali ya asetaldehidi ndani yake na mjadala haujafungwa. Kwa mwenye ugumu wa kumeza, aliyewahi kuvuta au anayekunywa pombe, ningepunguza.

KADI YA KUKATA NA KUWEKA PAMOJA NA KADI YA KLINIKI

Mwaka nilioanza dawa: ________
CD4 yangu ya chini kabisa: ________
Homa ya ini B: ninayo / sina / nimechanjwa
Kipimo cha mwisho cha mlango wa kizazi: ________ Jibu: ________ Cha pili: ________
Siku ya mwili ya mwaka huu: ________
Uzito siku hiyo: ________
Nambari ya maabara ninayoifuatilia: ________
Mtu anayejua hali yangu na wa kupigiwa simu: ________

Nenda mapema, bila kungoja tarehe: doa jipya linalokua, mguu mmoja kuvimba, kitoki kinachokua, jasho la usiku linalojirudia, kilo tano kupotea bila kutaka, damu baada ya hedhi kukoma, kijinyama cha jicho, chakula kukwama, macho ya manjano.